Besi za Wizi, Homurani na Hesabu ya Waliokamatwa

Mwaka 1962 wapiga kura wa tuzo ya mchezaji bora wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya besiboli ya Marekani, walikuwa na majina mawili mazito mbele yao. Maury Wills wa Los Angeles Dodgers alikuwa ameiba besi 104, yaani alichomoka na kufika besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe, akivunja rekodi ya Ty Cobb ya besi 96 iliyodumu tangu 1915. Willie Mays wa San Francisco Giants alikuwa amepiga homurani 49, yaani mipira iliyovuka ukuta wa uwanja, na kuwaingiza wenzake na yeye mwenyewe nyumbani, besi ya mwisho ambako pointi hupatikana, mara 141, na timu yake ndiyo iliyobeba ubingwa wa ligi baada ya mechi tatu za ziada dhidi ya Dodgers hao hao. Kura zilipojumlishwa, Wills alipata alama 209 na Mays 202.

Kura ile haikuwa ya haki, na nasema hivyo bila kumdharau Wills. Alikuwa tishio la kweli. Mwezi Agosti mwaka huo, Dodgers walipokwenda San Francisco, watunzaji wa uwanja wa Candlestick Park waliulowesha kwa maji udongo wa jirani na besi ya kwanza, ili Wills akose pa kukanyagia anapochomoka. Timu haihangaiki kiasi hicho kwa mtu asiye na madhara. Lakini kumwogopa mchezaji ni jambo moja, na kujua anakuletea pointi ngapi ni jambo jingine. Mashabiki wa besiboli, waandishi, hata makocha, wameyachanganya mambo hayo mawili kwa zaidi ya karne.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mjadala huu huishia kwenye kelele. Wachambuzi wamepitia maelfu ya mechi wakiuliza swali moja: timu ikiwa na mkimbiaji besi ya kwanza na bado haijapata auti hata moja (mchezaji kutolewa; auti tatu humaliza kipindi), kwa wastani huvuna pointi ngapi kabla kipindi hakijaisha? Kwa mechi za ligi kuu ya Marekani kati ya 2010 na 2015, jibu ni kama 0.86. Mkimbiaji huyo akiiba besi ya pili, matarajio yanapanda hadi 1.10. Akikamatwa, timu inabaki na auti moja na besi tupu, na matarajio yanaporomoka hadi 0.25. Faida ni kama robo pointi, hasara ni pointi 0.6. Ndiyo kusema anayeiba lazima afanikiwe zaidi ya mara 7 katika kila majaribio 10 ndipo aanze kuisaidia timu yake. Akiwa chini ya hapo, kila anapochomoka anaitia hasara, hata kama uwanja mzima umesimama kumshangilia.

Ukichanganya hali zote za mchezo, yaani auti zote na besi zote, besi moja ya wizi ina thamani ya kama pointi 0.2, na kukamatwa mara moja kunagharimu kama pointi 0.4 au zaidi kidogo. Homurani moja ina thamani ya kama pointi 1.4. Thamani hizi hupanda na kushuka kidogo kulingana na enzi, lakini uwiano wake haujapata kugeuka. Mtu aibe besi saba bila kukamatwa hata mara moja, ndipo atakuwa amelingana na aliyepiga homurani moja. Na homurani haina upande wa pili wa kukamatwa: mpira ukishavuka ukuta, hakuna mlinzi wa kuubishia, na kila aliyekuwa kwenye besi anarudi nyumbani akitembea.

Sasa mrudishe Wills kwenye mizani hiyo. Besi 104, alikamatwa mara 13 tu, na hiyo ni kazi safi sana. Anapata kama pointi 15 au 16 kwa msimu mzima. Homurani 49 za Mays peke yake zinakaribia pointi 70, tena Mays naye aliiba besi 18. Hata ukimwongezea Wills homurani zake 6, pengo linabaki kubwa. Wapiga kura walivutwa na rekodi iliyovunjwa mbele ya macho yao, wakaiacha kazi iliyoshinda mechi.

Kuna jambo katika hesabu hii linalonigusa zaidi kuliko kura ya 1962, nalo linamhusu Rickey Henderson. Msimu wa 1982, akiwa na Oakland Athletics, aliiba besi 130. Hakuna aliyefika hapo katika zama za kisasa, na sioni atakayefika. Hiyo ndiyo namba inayotajwa kila mahali. Namba isiyotajwa ni 42, idadi ya mara alizokamatwa msimu ule. Piga hesabu: besi 130 zinaleta kama pointi 26, kukamatwa mara 42 kunarudisha nyuma karibu pointi 17. Msimu wa wizi uliotukuka kuliko yote uliiachia Oakland faida ya pointi 9 hivi, sawa na homurani sita au saba. Athletics walimaliza msimu ule wakiwa wameshinda mechi 68 na kupoteza 94.

Mweke pembeni yake Shohei Ohtani wa 2024. Aliiba besi 59, chini ya nusu ya zile za Henderson, lakini alikamatwa mara 4 tu. Kwa mizani ile ile anapata pointi 10 na ushei. Besi 59 zimezizidi besi 130. Nimeirudia hesabu hii kwa thamani tofauti tofauti zinazotumiwa na wachambuzi, na kila mara wawili hao wanakaribiana au Ohtani anatangulia kidogo. Kama kuna namba moja ambayo ningependa kila mtangazaji wa besiboli aiseme sambamba na idadi ya besi zilizoibwa, ni idadi ya mara alizokamatwa mwizi.

Asije mtu akadhani namshusha Henderson. Henderson ni miongoni mwa wachezaji wakubwa kabisa kuwahi kushika gongo, na angekuwa mkubwa hata kama asingeiba besi moja maishani. Alipewa besi za bure mara 2,190, yaani mrushaji alikosa eneo halali mara nne naye akatembea hadi besi ya kwanza. Alipiga homurani 297, na 81 kati ya hizo alizipiga akiwa mpigaji wa kwanza wa timu yake katika mechi, rekodi ambayo bado ni yake. Alifunga pointi 2,295, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote katika historia ya ligi kuu. Alikuwa akichuchumaa sana pale besi ya nyumbani hivi kwamba mrushaji alipewa dirisha dogo la kurusha straiki, yaani mpira wa ndani ya eneo halali, akakosea, na Henderson akatembea kwenda besi ya kwanza bila jasho. Hapo ndipo utajiri wake ulipokuwa. Wizi ulikuja juu ya mali iliyokwisha kuwepo.

Mwenye kutaka kuona wizi bila mali hiyo amtazame Vince Coleman wa St. Louis Cardinals. Aliiba besi 110 mwaka 1985, 107 mwaka 1986 na 109 mwaka 1987. Msimu wa 1986 alikamatwa mara 14 tu, kwa hiyo kama mwizi alikuwa safi kuliko Henderson wa 1982, na wizi wake uliipa timu karibu pointi 16. Lakini msimu huo huo alifika besi kwa asilimia 30.1 tu ya mara alizosimama kupiga, na hakupiga homurani hata moja. Mtu wa kwanza katika orodha ya wapigaji, anayesimama kupiga mara nyingi kuliko wenzake, alikuwa anarudi benchi mara 7 katika kila 10. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Miaka thelathini baadaye Billy Hamilton wa Cincinnati Reds aliyapitia yale yale: besi 56, 57, 58 na 59 katika misimu minne mfululizo kuanzia 2014, na kiwango cha kufika besi kilichomkwamisha, kwa sababu huwezi kuiba besi ya pili kama hujafika ya kwanza.

Hata hivyo hesabu ya wastani ina udhaifu wake, na wapenzi wa kasi wana haki ya kuudai usemwe. Wastani huchanganya kipindi cha kwanza cha mechi ya Aprili na kipindi cha 9 cha mechi ya mtoano. Homurani ni nzuri wakati wowote. Wizi thamani yake inategemea sana saa.

Tarehe 17 Oktoba 2004, mjini Boston, Red Sox walikuwa wameshapoteza mechi tatu za mwanzo za mfululizo wa mtoano dhidi ya New York Yankees, ambao mshindi ni wa kwanza kufikisha ushindi wa mechi nne, na walikuwa nyuma 4 kwa 3 katika kipindi cha 9 cha mechi ya nne. Mrushaji alikuwa Mariano Rivera, mrushaji anayeletwa mwishoni kulinda ushindi, ambaye kumpata kwa hiti mbili au tatu mfululizo (mipira iliyopigwa na kumfikisha mpigaji besi) ilikuwa karibu muujiza. Kevin Millar alipewa besi ya bure. Kocha akamtoa Millar na kumwingiza Dave Roberts akimbie badala yake. Kila mtu uwanjani alijua Roberts ameletwa kufanya nini. Rivera akarusha besi ya kwanza kumrudisha, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Mpira wa kwanza uliokwenda kwa mpigaji, Roberts akachomoka.

Inafaa kuzitazama sekunde hizo kwa karibu. Mkimbiaji anaanza akiwa hatua tatu au nne mbali na besi ya kwanza, katika njia ya mita 27.4. Mrushaji wa kawaida hutumia kama sekunde 1.3 tangu anapoanza mwendo wake hadi mpira utue kwenye glovu ya mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Mdakaji hodari anahitaji kama sekunde 2 kuinuka, kuutoa mpira kwenye glovu na kuufikisha besi ya pili. Jumla sekunde 3.3. Mkimbiaji mwepesi anahitaji muda karibu sawasawa na huo. Kwa hiyo mshindi anapatikana katika sehemu ya kumi ya sekunde, na sehemu hiyo hutokana na kitu kidogo: bega la mrushaji lililojifungua mapema, mpira uliotua chini kidogo, mkono wa mkimbiaji uliogusa besi kabla ya glovu. Mdakaji Jorge Posada alirusha vizuri usiku ule. Derek Jeter, aliyeupokea besi ya pili, aliushusha mpira haraka. Roberts alikuwa ameshafika, kwa nafasi isiyozidi kiganja.

Bill Mueller akapiga hiti, Roberts akaingia nyumbani, 4 kwa 4. Red Sox walishinda mechi ile, wakashinda mfululizo ule, wakashinda World Series, fainali ya ligi kuu, yao ya kwanza tangu 1918. Pale pale walipohitaji pointi moja tu, na mrushaji akiwa mtu ambaye homurani kwake ilikuwa adimu, kufika besi ya pili kulikuwa na thamani mara nyingi zaidi ya ile 0.2 ya wastani. Hapo kocha hatafuti pointi nyingi, anatafuta moja. Hesabu yake ni nyingine kabisa.

Lakini hadithi hiyo husimuliwa nusu. Mechi ile haikuishia kwa Roberts. Iliendelea hadi kipindi cha 12, na iliyoimaliza ni homurani ya David Ortiz iliyoleta pointi mbili. Wizi ulinunua muda, homurani ikashinda mechi. Kila ninapoona Roberts akitajwa kama ushahidi kwamba kasi inaweza kusimama peke yake, namkumbuka Ortiz.

Ushahidi mwingine unaotolewa na upande wa kasi ni World Series ya 1982, na huu ni mzito zaidi. Cardinals wa kocha Whitey Herzog walipiga homurani 67 tu msimu mzima na kuiba besi 200. Milwaukee Brewers walipiga homurani 216. Waliingia fainali wakiwa kama wameumbwa makusudi kwa ajili ya mjadala huu, na Cardinals wakashinda kwa mechi nne kwa tatu. Miaka mitatu baadaye Herzog alishinda mechi 101 na timu iliyoiba besi 314 na kupiga homurani 87.

Je, hiyo haitoshi kuvunja hoja yangu? Tazama kwanza walikuwa wanachezea wapi. Uwanja wa Busch wa wakati ule ulikuwa mpana, kuta ziko mbali, na sakafu yake ilikuwa ya nyasi bandia, ngumu na yenye kudundisha mpira. Katika uwanja kama huo homurani hupungua kwa kila timu, mpira uliopigwa chini hupenya haraka kati ya walinzi, na mwenye miguu hufaidi. Herzog alijenga timu ya kuendana na uwanja wake, na huo ni ukocha wa hali ya juu. Halafu tazama nini kingine kilikuwemo: Ozzie Smith akilinda kati ya besi ya pili na ya tatu kwa namna ambayo wengi hawajaona mfano wake, Bruce Sutter akija kufunga mechi, na mchezaji bora wa fainali yenyewe, Darrell Porter, alikuwa mdakaji. Cardinals waliwanyima wapinzani pointi kuliko walivyoziiba. Ukiondoa ulinzi ule ukabakiza besi 200 tu, sidhani kama wangefika Oktoba, mwezi wa mtoano.

Na hapa ndipo penye kiini cha suala hili, mahali ambapo mashabiki wengi hupapita haraka. Kasi na nguvu hazijumlishwi tu kama fedha kwenye mifuko miwili. Moja hupunguza thamani ya nyingine. Fikiria mkimbiaji yuko besi ya kwanza na anayesimama kupiga ni Aaron Judge, aliyepiga homurani 62 mwaka 2022. Judge akipiga homurani, mkimbiaji atafunga hata akiwa besi ya kwanza. Kwa hiyo wizi wake haujaongeza kitu. Akikamatwa, amemnyima Judge nafasi ya kuleta pointi mbili. Na akifanikiwa, besi ya kwanza imebaki wazi, wapinzani wanaweza kumpa Judge besi ya bure kwa makusudi na kumkabili anayefuata ambaye ni mdogo zaidi. Ameiba besi na kumpokonya gongo mpigaji wake bora. Lakini kama anayesimama kupiga ni mtu wa hiti za besi moja, asiye na nguvu za kuvusha mpira ukutani, mkimbiaji aliyeko besi ya pili anafunga kwa hiti ambayo ingemfikisha besi ya tatu tu kama angebaki ya kwanza. Hapo wizi unalipa.

World Series ya 1926 iliisha kwa somo hilo, tena lililotolewa na mtu asiyetarajiwa. Mechi ya saba, kipindi cha 9, auti mbili, Yankees wako nyuma ya Cardinals 3 kwa 2. Babe Ruth, mpiga homurani mkubwa wa Yankees, amepewa besi ya bure. Anayepiga ni Bob Meusel, na nyuma yake anangoja Lou Gehrig. Ruth akaamua kuiba besi ya pili. Mdakaji Bob O'Farrell akamtupia Rogers Hornsby, Ruth akaguswa, msimu ukaisha pale pale. Gehrig hakupata hata nafasi ya kuingia kupiga. Baadhi ya watu hutetea uamuzi ule wakisema ulikuwa wa kushtukiza. Mimi naona kwamba wenye wapigaji wa aina ile nyuma yao hawana sababu ya kuuweka msimu mzima kwenye miguu yao.

Historia ya ligi imeifuata kanuni hiyo bila mtu kuitangaza. Wakati wa Cobb homurani zilikuwa chache mno, pointi zilitafutwa moja moja, na besi ya wizi ilikuwa na bei kubwa. Ruth alipopiga homurani 54 mwaka 1920, peke yake alizizidi timu zote nyingine saba za American League, kila moja kwa idadi yake. Kuanzia hapo timu zikaanza kuungojea mpira mrefu, na wizi ukakauka hadi ikafika 1950 kinara wa American League, Dom DiMaggio, akamaliza msimu na besi 15. Kasi ilirudi miaka ya 1970 na 1980 pamoja na viwanja vya nyasi bandia, Lou Brock akiiba 118 mwaka 1974, kisha Henderson, kisha Coleman. Ikanywea tena homurani ziliporudi kwa kishindo miaka ya 1990, hadi Mark McGwire akapiga 70 mwaka 1998. Wachezaji hawakuwa wamekuwa wazito kwa ghafla. Bei ya bidhaa yao ndiyo ilishuka.

Mwaka 2023 ligi iliibadilisha bei hiyo kwa kalamu. Mrushaji akawekewa saa. Akaruhusiwa kurusha besi ya kwanza au kutoka kwenye nafasi yake mara mbili tu kwa kila mpigaji; akijaribu ya tatu na asimpate mkimbiaji auti, mkimbiaji anapewa besi. Besi zenyewe zikapanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18 kila upande, na hivyo umbali kati ya besi ya kwanza na ya pili ukapungua kwa inchi 4.5, yaani sentimita 11 na nusu hivi. Ukikumbuka ule mpambano wa sehemu ya kumi ya sekunde, utaona sentimita 11 si kitu kidogo. Zile mara tatu za Rivera kumrudisha Roberts zisingewezekana leo bila adhabu. Besi za wizi zilipanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503 mwaka 2023, na waliofanikiwa walikuwa asilimia 80, kiwango ambacho ligi haikuwahi kukifikia.

Asilimia 80 ni juu kabisa ya ule mstari wa mara 7 katika 10. Maana yake ni kwamba timu kwa jumla bado zinaiba pungufu ya inavyofaa. Wastani ukiwa 80, majaribio mengi ambayo hayakufanywa yangefanikiwa kwa kiwango cha 75 hivi, na hayo nayo yangeleta faida. Kwa miaka mingi makocha wanaosoma takwimu waliwakataza wachezaji kukimbia, na kwa sheria za wakati ule walikuwa na sababu. Leo katazo hilo limepitwa na wakati, na anayeendelea kuling'ang'ania anaacha pointi mezani.

Kinachonifurahisha zaidi katika zama hizi ni nani anayeiba. Msimu wa 2025 Juan Soto wa New York Mets aliiba besi 38 na kupiga homurani 43. Soto ni mzito. Wanaopima kasi ya wachezaji wanamweka kwenye kundi la chini. Josh Naylor, ambaye ni mzito zaidi hata ya Soto, aliiba 30 na kukamatwa mara 2 tu. Hawa hawakuzishinda zile sekunde 3.3 kwa miguu. Walimsoma mrushaji: ameshatumia nafasi zake mbili za kurusha besi ya kwanza, anakaribia kuishiwa na saa, anapenda kurusha mpira wa polepole katika hesabu fulani ya straiki na mipira mibovu, mguu wake wa mbele huinuka juu mno. Mjadala wa kasi dhidi ya nguvu tumeuendesha miaka yote kana kwamba wizi wa besi ni kazi ya miguu, kumbe sehemu yake kubwa ni kazi ya macho na subira. Mwenye nguvu anaweza kujifunza kuiba. Mwenye miguu mitupu hawezi kujifunza kupiga homurani 43.

Ipo gharama nyingine ambayo haimo katika jedwali la pointi. Ronald Acuña Jr. wa Atlanta Braves alipata tuzo ya mchezaji bora wa 2023 kwa kura zote, akiwa na homurani 41 na besi 73. Mwezi Mei mwaka uliofuata, mjini Pittsburgh, alichomoka kuelekea besi ya tatu, akasita, akageuka kurudi ya pili, na kano ya goti lake la kushoto ikakatika. Msimu wake ukaishia hapo. Oktoba ya mwaka huo huo wa 2024 Ohtani aliumia bega akijitupa besi ya pili katika mechi ya pili ya World Series, tena alikamatwa. Dodgers walibeba kombe, lakini Ohtani aliyecheza mechi zilizobaki hakuwa yule wa msimu. Mchezaji anayekuletea karibu pointi 75 kwa homurani zake 54 hapaswi kuhatarishwa kwa faida ya robo pointi mechi ikiwa imeshaamuliwa. Akimbie pale pointi moja inapokuwa na maana, na akae pale isipokuwa na maana. Sioni ugumu wa uamuzi huo.

Kwa upande wa kasi yenyewe, utetezi wake ulio bora haumo kabisa kwenye safu ya besi za wizi. Mwaka 1946, mechi ya saba ya World Series, Enos Slaughter wa Cardinals alikuwa besi ya kwanza, kipindi cha 8, auti mbili, 3 kwa 3 dhidi ya Red Sox. Alichomoka mrushaji alipoanza mwendo, Harry Walker akapiga hiti katikati ya uwanja wa kushoto, na Slaughter hakusimama hadi nyumbani. Hakuna besi ya wizi iliyoandikwa pale, na ndiyo pointi iliyotwaa ubingwa. Besi za ziada za aina hiyo, kutoka ya kwanza hadi ya tatu kwa hiti moja, kutoka ya pili hadi nyumbani, hutokea wiki nzima bila mtu kuzihesabu. Na mlinzi wa kati mwenye miguu anayeufikia mpira ambao mwingine angeuona ukidondoka huzuia pointi nyingi kuliko anazoziiba.

Kwa hiyo nikiwekewa wachezaji wawili, mmoja wa homurani 40 asiyeiba hata besi moja, mwingine wa besi 60 asiye na homurani, nitamchukua wa kwanza kabla swali halijaisha. Nitabadilisha uamuzi ikiwa yule wa pili analinda katikati ya uwanja kwa ubora wa juu na anafika besi kwa zaidi ya asilimia 35 ya mara anazosimama kupiga. Na hata hapo, kabla ya kumsajili, nitaomba kwanza nioneshwe amekamatwa mara ngapi.